Kopo la Tatu

Mutsamudu, 12 Machi 1984

Kwa mdogo wangu Allaoui, Badjanani, Moroni.

Nakusalimu kwa salamu za nyumba nzima. Sisi wazima. Mwanangu Echat amejifungua mapacha wa kike, na tangu hapo mtaa haulali. Bati la ukumbini linavuja palepale ulipoliziba mwaka juzi, kwa hiyo usije ukajisifu kwamba Ufaransa ilikufundisha kitu. Nakuandikia Kiswahili chetu cha Unguja kwa herufi za Kiarabu, kama alivyotufundisha mama, maana hao wazungu wa bunduki wanaofungua barua za watu hawakisomi. Anayekuletea ni Inzoudine, baharia. Mpe chai.

Sasa sikiliza. Loutfia alikuja kutoka kwenu akaniambia kwamba siku ya matanga ya jirani yako uliwaeleza watu juu ya mashine moja huko Ufaransa inayoweza kuuliza udongo ulikula nini. Kwamba udongo ukishikwa unasema kama juu yake palioza majani, au paliwaka moto, au palimwagwa mafuta. Loutfia alicheka. Mimi sikucheka.

Unajua ninalotaka. Mwaka sabini na nane, wazungu hao wa kukodiwa walipoingia kupindua serikali, banda la Youssoufa la kuchemshia maua ya ilangilangi ili kutoa mafuta ya manukato kule Patsy liliungua. Youssoufa akaenda mwenyewe kwa wazungu akawaambia kwamba mwanangu Madi alimwaga dumu la dizeli sakafuni akawasha kiberiti. Madi alikuwa na miaka ishirini, na alikuwa mmoja wa vijana wa kamati za serikali iliyopinduliwa. Kwa wazungu hilo lilitosha. Walimchukua akiwa mzima, wakamrudisha ndani ya turubai. Mpaka leo nikipita sokoni naitwa mama wa mchoma moto.

Banda liliwashwa na tanuri lake lenyewe. Kila mtu wa Patsy anajua kwamba Youssoufa alikuwa akirundika kuni zake mdomoni mwa moto. Wanajua na wananyamaza, kwa kuwa Youssoufa ndiye anayewauzia wazungu ng'ombe na mboga. Lakini karatasi kutoka Ufaransa, ikisomwa mbele ya wazee siku ya Ijumaa, hainyamazishwi.

Sitaki fidia wala kuombwa radhi. Nataka mji umtenge. Nataka apike na asije mlaji, na siku atakapokufa jeneza lake likose mabega. Nisaidie, Allaoui. Kwetu mjomba ndiye baba wa pili, na Madi alipotahiriwa wewe ndiye uliyemshika.

Dada yako,
Moinafouraha


Moroni, 2 Aprili 1984

Dada mpendwa,

Shikamoo. Inzoudine amefika, amekunywa chai na amekula mkate wangu wote. Hongera kwa mapacha. Mimi mzima, kazi ya utafiti wa mashamba inaendelea, ingawa kila Jumatatu mmoja wa wale uliowataja huja ofisini, hukaa kwenye kiti changu na kupekua anachotaka. Umefanya vyema kutumia herufi za Kiarabu.

Mashine hiyo Wafaransa huiita RMN. Niliitumia nilipokuwa mwanafunzi, na rafiki yangu mmoja bado anafanya kazi nayo. Nitakueleza kwa kifupi. Udongo una mabaki ya kila kilichoishi juu yake, na mabaki hayo yote yana kaboni. Unaukausha udongo, unausaga, unautia kwenye kichupa kidogo kinachozunguka kwa kasi ndani ya sumaku kubwa. Kila kaboni hulazimishwa kujibu, na hujibu kutoka mahali pake. Mashine huchora vilima kwenye karatasi. Kilima cha mkaa husimama karibu na namba 130, cha sukari ya miti na majani karibu na 70, cha mafuta na nta karibu na 30. Dizeli ikiwamo, kilima cha 30 huwa kirefu na chembamba, hakifichiki.

Miaka sita ni mingi, mvua huosha. Ila kama mahali pamefunikwa, panaweza kuwa na jibu. Chimba kiganja kimoja kwenda chini. Niletee pia udongo wa kulinganisha, wa jirani na hapo, ambao haukuungua, ili tujue udongo wa Patsy unasemaje ukiwa peke yake. Tia kila mmoja kwenye kopo na uandike namba.

Sina ahadi, dada. Mashine haijui nani alishika kiberiti.

Mdogo wako,
Allaoui


Mutsamudu, 9 Mei 1984

Ndugu yangu,

Marahaba. Mapacha wanatapika na kunenepa. Bati bado linavuja.

Nilipanda Patsy siku ya Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini. Youssoufa alijenga banda jipya chini zaidi, na lile la zamani ameliacha lilivyoanguka, mabati yamelalia sakafu tangu siku ile. Nikaingia chini yake kwa magoti, mimi na umri wangu. Udongo ulikuwa mkavu na mweusi. Nilitaka kukaa pale nilie, lakini nilikumbuka kwamba nimekuja kuchimba.

Makopo ni matatu. La kwanza ni la ndani ya banda, pale Youssoufa alipowaonyesha wazungu kwamba dizeli ilimwagwa. La pili ni la shambani, ng'ambo ya njia. La tatu ni la shamba hilohilo, juu kidogo, mahali pasipowahi kuwaka moto. Hilo nimelikoroga mwenyewe hapa nyumbani kabla ya kulifunga. Yote nimeyaziba kwa nta ya mshumaa.

Unasema mashine haijui nani alishika kiberiti. Sawa. Itwambie tu kama palikuwa na dizeli. Kama haikuwapo, basi Youssoufa aliwaambia wazungu jambo ambalo halikuwapo, na mwanangu alikufa kwa ajili yake. Mengine nitayamaliza mimi.

Moinafouraha


Moroni, 20 Agosti 1984

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Kulikuwa na kazi, kisha homa, kisha wageni wa ofisi. Nimekutumia kitambaa kwa ajili ya watoto wa Echat.

Makopo yamekwenda Ufaransa. Rafiki yangu anasema kuna tatizo: udongo wa visiwa vyetu umetoka kwenye volkano na una chuma kingi. Chuma ni adui wa mashine hii. Kinaiziba sauti ya kaboni, vilima vinatoka vimefifia. Lazima kwanza chuma kiondolewe kwa sumaku na kwa tindikali, na hiyo ni kazi ya subira.

Wakati tunangoja, nilitaka kukuuliza jambo. Hivi dada, tukijua, tutapata nini? Youssoufa si mtu mdogo siku hizi. Ana mke mwingine hapa Moroni, amejenga, anasalimiwa na mawaziri. Nimekutana naye mara moja au mbili. Amezeeka. Ameuliza habari zako kwa adabu.

Kuna jambo la heri upande wangu, nitakueleza likikamilika.

Allaoui


Mutsamudu, 15 Novemba 1984

Allaoui,

Marahaba. Kitambaa kimefika, ni kizuri mno kwa watoto wanaotapika.

Youssoufa ameuliza habari zangu kwa adabu. Mwambie habari zangu ziko makaburini, upande wa bahari, chini ya jiwe jeupe.

Mwezi ujao chuma kitakuwa kimetoka? Hata tanuri la mhunzi halingojewi hivi.

Moinafouraha


Moroni, 3 Februari 1985

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo nyingi. Natumaini barua hii inakukuta umeketi.

Majibu yamekuja. Nimeyatazama mara nyingi kabla ya kukuandikia, kwa kuwa najua uzito wake. Nakutumia karatasi zote ili usiseme nimekuficha. Kopo la kwanza, la banda, lina kilima kirefu chembamba kwenye 30. Ni dizeli, haina shaka. Kopo la pili ni udongo wa kawaida wa shamba. La tatu halina mafuta kabisa, safi.

Sisemi kwamba Madi alifanya hivyo. Nasema tu kwamba mafuta yalikuwapo, na Youssoufa hakuyazua. Madi alikuwa kijana, nyakati zile zilikuwa na wazimu wake, na vijana wa kamati walichoma mengi. Mwache apumzike, nawe upumzike. Kisasi kimekula miaka yako, dada.

Na sasa jambo la heri. Nafunga harusi kubwa mwezi wa Agosti, hapa Badjanani. Wamenikubali ingawa mimi ni Mndzuani, mtu wa kisiwa kingine. Bibi harusi ni Djaouharia, binti wa Youssoufa kwa mkewe wa Moroni. Najua utashtuka. Lakini huyu msichana alikuwa mtoto mambo yale yalipotokea. Tangu mama afariki wewe ndiye mama yangu. Bila wewe na wanawake wa nyumba yetu kuleta masinia, siwezi kutolewa barabarani kwa maandamano kama mwanamume mwenye watu. Njoo, tafadhali. Harusi hii itaziba kidonda cha pande zote mbili.

Allaoui


Mutsamudu, 28 Februari 1985

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, na hongera sana. Nyumba nzima imefurahi. Echat amepiga vigelegele mpaka mapacha wakalia.

Nimekaa na barua yako kwa muda. Umesema kweli, kisasi kimekula miaka yangu. Mashine imesema, nami ni nani wa kubishana na Wafaransa? Nitakuja. Nitakuja na wanawake wa nyumba yetu wote, wamevaa shiromani mpya, na sinia nitakalolibeba mimi mwenyewe litakuwa la mwisho, kama ilivyo desturi kwa mwenye mwana.

Nina ombi moja dogo la kizee. Karatasi zako zina mistari tu na maandishi ya Kifaransa, nami nikiziangalia nachanganyikiwa. Nakurudishia. Juu ya kila moja niandikie kwa mkono wako kwamba hii ni ya kopo fulani, lilitoka mahali fulani, na lina kitu fulani, kisha utie saini yako. Nataka nikija kuwaonyesha watu wa Patsy, wajue kwamba nimekubali kwa neno la ndugu yangu na si kwa woga.

Nakuombea heri,
Moinafouraha


Moroni, 17 Aprili 1985

Dada,

Shikamoo. Nilipoisoma barua yako nililia, sioni haya kusema. Mke wangu mtarajiwa anakusalimu na kukushika miguu.

Karatasi hizi hapa, zimeandikwa na kusainiwa kama ulivyotaka. Mkwe wangu amefurahi mno kusikia kwamba unakuja. Amesema atakutumia nauli ya wanawake wote.

Allaoui


Mutsamudu, 2 Septemba 1985

Allaoui,

Umeniletea barua mbili za kuuliza kilichotokea ndani ya nyumba siku ya harusi yako. Wewe ulikuwa barabarani na wanaume, umevaa joho, ulisikia tu ngoma zimenyamaza na mlango umefungwa. Ni haki yako kujua.

Tuliingia kwa mstari na masinia yetu. Nguo, dhahabu ya mama, manukato, mabunda ya vitenge, kila kitu kilihesabiwa na kushangiliwa. Langu lilikuwa la mwisho na lilifunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Bibi Moina, mama mkubwa wa bibi harusi, ndiye aliyekaa mlangoni kupokea, maana nyumba ni ya wanawake na yeye ndiye mkubwa wao. Nikamwomba langu lifunuliwe palepale kizingitini, mbele ya wote. Akacheka, akafunua.

Yalikuwamo makopo matatu. Nilipokutumia udongo nilibakiza nusu ya kila kopo, nikaziziba kwa nta.

Nikawaambia wanawake habari ya Madi. Wengine walianza kunung'unika kwamba si mahali pake. Bibi Moina akawanyamazisha. Nikatandika karatasi zako na saini zako, nikamwomba mjukuu wake msomi asome kwa sauti. Kopo la kwanza, banda la Patsy, dizeli. Kopo la tatu, safi. Kisha nikatoboa nta na kumpa bibi anuse. La kwanza alilinusa kwa muda akasema ni majivu na vumbi tu. La tatu halikufika hata puani, akageuza uso. Akasema, hii ni dizeli, hata mtoto anaijua. Likapita mkono kwa mkono mpaka nyumba nzima ikanuka mashine ya boti.

Ndiyo, Allaoui. Dizeli ile niliinunua kwa wavuvi wa Mirontsy, nikaikoroga kwenye udongo safi wa shamba. Mzani wa sokoni huupimi kwa ndizi usizozijua. Unaupima kwanza kwa jiwe ambalo uzito wake unaujua. Nilitaka kuona kama mashine yako ni kweli, basi. Sikukutegea wewe. Nilitega mashine, wewe ndiye uliyeingia.

Na mashine ilisema kweli tupu. Iliona dizeli yangu katika kopo la tatu, na katika la banda haikuona hata tone. Wewe ukachukua karatasi mbili ukabadilisha namba zake. Nadhani uliponusa kopo la tatu ulishangaa, kisha ukaona ni bahati imekudondokea. Ila ulisahau somo lako mwenyewe. Karatasi uliyoiita ya banda haina kilima cha mkaa pale 130. Banda gani linaungua bila kuacha mkaa? Na ile uliyoiita ya shamba lisilowahi kuwaka ina kilima cha mkaa kama mlima Ntringui.

Niliwaeleza wanawake hayo pia. Wengi hawakuelewa vilima, lakini pua kila mtu anayo. Djaouharia alikuwa ameketi kitandani na dhahabu yake yote. Nilimwonea huruma, naapa. Aliniuliza jambo moja tu: "Mama, huyu Madi alikuwa mpwa wa Allaoui wa tumbo moja?" Nikamwambia ni mtoto wangu mimi, na mimi na Allaoui tumenyonya ziwa moja. Akavua bangili moja baada ya nyingine. Bibi Moina akasema mlango ufungwe. Hicho ndicho kimya ulichokisikia.

Habari za Youssoufa unazo, lakini acha nikuandikie kwa raha zangu. Ijumaa iliyofuata wazee wa Mutsamudu walisomewa karatasi zako, msomaji akizirudisha namba mahali pake. Watu wa Patsy wakapata ndimi zao ghafla, wakasema habari ya kuni mdomoni mwa tanuri. Mji umemtenga. Sikukuu ya kuchinja alichinja ng'ombe, akatandika mikeka mpaka barabarani. Hakuja mtu. Wakaja wazungu wake wa bunduki, wakakaa mikekani na viatu vyao, wakala wenyewe. Nilisimama dirishani nikatazama mpaka mwisho. Wanaweza kumlinda miaka mingi, lakini hawajui kumwosha maiti wala kumbeba.

Echat ananiambia nijihadhari, wasije wakanichukua. Waje. Walishanichukua.

Moinafouraha


Moroni, 4 Novemba 1985

Dada,

Shikamoo.

Nimekuandikia mara kadhaa nikachana. Nimeachishwa kazi, hawakusema sababu. Chumba nilichopanga kinatazamana na ukuta wa Msikiti wa Ijumaa, na watu wakitoka hupita upande wa pili.

Nataka uelewe mambo kadhaa. Uchunguzi wa udongo wenye chuma si jambo jepesi. Makopo yalipita forodha mbili, yalifunguliwa, na huenda yalichanganyika mikononi mwa watu. Rafiki yangu naye ana wanafunzi wengi. Pili, wewe hujawahi kukaa chumba kimoja na watu wale, ukawatazama wakisoma jina lako kwenye faili. Ningeandika jambo jingine, leo tungekuwa na makaburi mawili. Nilitazama mbele, kwa faida ya nyumba nzima. Mtu aliyekwisha kufa hawezi kudhurika tena.

Sina mahali, dada. Maulidi yanakaribia, na sijawahi kuwa mbali na nyumba ya mama siku ya Maulidi isipokuwa miaka ya masomo. Nyumba ni yako, desturi naijua. Nakuomba uniruhusu nije.

Mdogo wako,
Allaoui


Mutsamudu, 13 Novemba 1985

Allaoui,

Mapacha wameanza kukimbia. Bati nimelibadilisha, halivuji tena.

Nimesoma barua yako yote, nikampa na Echat aisome, tukitafuta jina moja. Umeandika chuma, forodha, faili, rafiki, wanafunzi. Madi hayumo.

Makopo hayakuchanganyika. Kila karatasi ina saini yako.

Umeomba kuja, na mama hakutufundisha kumfungia mtu mlango. Njoo. Inzoudine atakupakia. Utalala chumba cha Madi, maana ndicho kilicho wazi. Kitanda chake ni kifupi kwako, utakunja miguu. Shati alilolivua siku waliyomchukua limetundikwa msumarini, usilisogeze. Utakula nitakachopika, na kitakuwa kizuri. Kila jioni wanawake wa Patsy huja kukaa nami ukumbini, nawe utakaa hapo hapo, nao watakusalimu kwa jina, nao watakutazama. Siku ya Maulidi utapokea wageni mlangoni, kama mjomba wa nyumba. Hakuna atakayekuuliza neno. Nimeshawakataza.

Makaburini hutakwenda. Ukitaka kwenda, itabidi kwanza useme unakwenda kwa nani na kwa nini, kwa kinywa chako, mbele yangu. Nitangoja. Nilingoja chuma kitoke kwenye udongo, naweza kukungoja wewe.

Shikamoo yako imefika. Nimeiweka kabatini pamoja na makopo.

Moinafouraha